Dumu, Utepe na Kadi: Nani Anapima Maisha ya Kambini?

Hesabu ya maji kambini huanzia kwenye pampu. Fundi anasoma mita asubuhi, anaisoma tena jioni, anapata lita zilizosukumwa siku hiyo, kisha anazigawa kwa idadi ya watu walioandikishwa. Jibu likiwa 20, ripoti ya mwezi itasema kila mkimbizi alipata lita 20 kwa siku, kiwango ambacho Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) linakitaka mahali ambapo dharura imeshatulia. Hakuna aliyedanganya. Mita ni nzima na hesabu ya kugawanya haina kosa.

Sasa tumfuate mama mwenye watu sita nyumbani. Kwa hesabu ile fungu lake ni lita 120, yaani madumu sita ya lita 20. Anayo madumu mawili. Bomba la mtaani kwake hufunguliwa kwa saa mbili asubuhi na kwa saa mbili jioni, na madumu ya watu yamepangwa foleni tangu alfajiri. Akijaza mawili asubuhi na mawili jioni, ameshukuru. Kwenye karatasi nyumba yake ina lita 120. Ndani ya nyumba zipo 80, za kunywa, kupikia, kufua, kuogesha watoto na kuoshea vyombo. Zile 40 zilikwenda wapi? Nyingine zilivuja njiani, kwenye mabomba yaliyochoka. Nyingine zilifika kwa wanaokaa karibu na tangi, ambako maji hutoka kwa nguvu na kwa saa nyingi, hata mtu akapata ya kumwagilia mchicha. Na yeye, ili afikishe madumu sita, itabidi amtoe binti yake shuleni akashike foleni, au ashuke bondeni kuchota maji ambayo hakuna aliyeyatia dawa.

Wastani wa lita 20 unawajumuisha mama huyu na jirani wa tangi, na ukishawajumuisha, shida ya mama haionekani tena. Wataalamu wanalijua jambo hili. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa haikuishia kwenye lita. Inataka pia bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250, lisiwe mbali zaidi ya mita 500 na nyumba, na foleni isizidi dakika 30. Lakini lita huhesabiwa na mita kila siku bila mtu kutoka jasho, wakati foleni inahitaji mtu wa kusimama pale na saa mkononi. Kinachopimika kwa urahisi ndicho kinachopimwa, na kinachopimwa ndicho kinachofika makao makuu Geneva.

Nimeanza na dumu kwa sababu mjadala wa ufuatiliaji wa huduma kwa wakimbizi huzungumzwa mara nyingi kana kwamba tatizo ni uhaba wa takwimu. Kambi za kwetu hazina uhaba huo. Nyarugusu wilayani Kasulu, Kakuma katika Turkana, Dadaab kule Garissa: ni vigumu kupata kijiji cha jirani ambacho watoto wake wamepimwa mikono, vyoo vyake vimehesabiwa na vidole vya watu wake vimechukuliwa alama mara nyingi kiasi hicho. Ninachokiona ni kwamba jicho la kipimo limeelekezwa kwa mkimbizi kuliko kwa aliyeahidi kumhudumia, na kipimo kikishatoa jibu baya, hakuna anayebanwa nalo.

Inafaa kukumbuka vipimo hivi vilizaliwa wapi, maana vilizaliwa jirani yetu na kwa gharama ya maiti. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, Tanzania, ndani ya siku moja hivi. Miezi miwili na nusu baadaye, katikati ya Julai, wengine kati ya laki tano na laki nane, wapo wanaosema milioni, walimiminika Goma, mashariki mwa Kongo. Ardhi ya Goma ni mwamba wa volkano. Choo hakichimbiki, kaburi halichimbiki. Watu walikunywa maji ya Ziwa Kivu kama yalivyo, na ndani ya siku chache kipindupindu kikaingia, kikifuatwa na kuhara damu. Ndani ya mwezi mmoja karibu watu 50,000 walikufa. Idadi hiyo ilijulikana kwa sababu miili ililazwa kandokando ya barabara, malori yakapita kuikusanya, na kila lori likaandika lilichobeba.

Kwa kawaida wataalamu wa afya huita hali ni ya dharura pale anapokufa mtu mmoja kwa siku katika kila watu 10,000. Goma walikufa kati ya 20 na 35. Mashirika yalikuwepo kwa mamia, yenye bendera na magari, na mengine yalifanya kazi ya kuokoa maisha kweli. Mengine yaliweka watoto kwenye dripu huku hayajui kanuni za kutibu kipindupindu. Tathmini kubwa ya pamoja iliyotolewa mwaka 1996 ilisema waziwazi kwamba kazi ilifanywa bila viwango vya pamoja na kwamba maisha yaliyoweza kuokolewa yalipotea. Mwaka 1997 mashirika yakaanzisha mpango wa Sphere, na mwaka 2000 kitabu chake cha mwongozo kikatoka katika toleo kamili la kwanza. Lita 15 za maji kwa mtu kama kiwango cha chini, choo kimoja kwa watu 20, meta za mraba 3.5 za kulala chini ya paa, kilokalori 2,100 kwa siku: nyuma ya tarakimu hizo kavu wamo waliolazwa kandokando ya barabara za kambi za Kibumba na Mugunga.

Goma ilifundisha jambo jingine, ambalo halikupata tarakimu. Chakula kiligawiwa kupitia viongozi wa kambi, wengi wao wakiwa viongozi walewale wa utawala uliofanya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Walitaja idadi kubwa ya watu kuliko waliokuwepo, wakachukua ziada. Wapima lishe walipopita nyumba kwa nyumba walikuta utapiamlo umezidi katika familia zilizoongozwa na wanawake, wasio na mtu wa kuwasemea kwa kiongozi. Kwa hiyo utepe uliozungushwa kwenye mkono wa mtoto ulifichua siasa ambayo ripoti za maghala hazikuionyesha, kwa sababu maghala yalikuwa yakitoa mizigo ya kutosha. Huo ndio upimaji nilio nao moyoni ninapoandika haya, ule unaoanzia kwenye mwili wa mtu na kurudi nyuma mpaka kwa aliyeshika ufunguo wa ghala.

Utepe wenyewe ni kifaa cha ajabu kwa urahisi wake. Una rangi tatu. Mkono wa mtoto wa kuanzia miezi sita hadi miaka mitano ukiwa chini ya sentimita 11.5, utepe unasoma nyekundu, na mtoto yuko hatarini kufa. Kati ya hapo na 12.5 ni njano. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwenyewe akiwa mkimbizi, anaweza kupima nyumba nyingi kwa siku. Mara moja kwa mwaka au zaidi hufanyika utafiti mpana wa lishe, na hapo king'ora kinalia pale ukondefu unapofikia 15% ya watoto.

Lakini king'ora hicho kimefungwa kwenye ukondefu. Kwa miaka kadhaa tafiti za Nyarugusu zimeonyesha ukondefu mdogo, chini kabisa ya mstari wa hatari, huku udumavu ukipita 40%. Shirika la Afya Duniani linahesabu udumavu kuwa wa juu mno ukifika 30%. Tafsiri yake ni kwamba watoto hawafi kwa njaa ya ghafla; wanakua wafupi kuliko walivyopaswa, na pamoja na kimo unapungua uwezo wa kujifunza na wa kupambana na maradhi. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu kambi ilipofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu Kusini leo ni mtu mzima, pengine mwenye watoto wake humohumo. Vipimo vya dharura vilitengenezwa kwa ajili ya watu wa kukaa miezi. Ukivitumia kwa watu waliokaa miaka karibu 30, vitakuambia hali ni shwari, kwa sababu hakuna kaburi jipya.

Hata kaburi nalo halisomeki kirahisi. Takwimu za vifo kambini hutegemea familia kutoa taarifa, na familia ikitoa taarifa, jina linafutwa kwenye kadi ya chakula na mgao unapungua. Mtu anamzika mamaye, kisha anatakiwa aende ofisini kupunguza unga wa watoto waliobaki. Wapo wanaonyamaza. Baadhi ya kambi zimetumia njia ya kutoa sanda bure ili familia iwe na sababu ya kutoa taarifa, na nyingine zimeajiri watu wa kuhesabu makaburi. Ukikuta kambi ambayo vifo vyake vimeshuka ghafla, chunguza kwanza kama mgao haukupunguzwa mwezi huo.

Kwenye chakula ndipo upimaji unapofanyika kwa ufundi mkubwa kuliko pengine popote. Anayetoka kwenye kituo cha kugawia huombwa asimame, mzigo wake unawekwa kwenye mizani, ili ijulikane kama alichopewa kinalingana na kadi. Wiki kadhaa baadaye wapimaji huingia majumbani kuuliza kilidumu siku ngapi, kilipikwaje, kiasi gani kiliuzwa. Jibu la swali hili la mwisho limewahi kusomwa vibaya sana. Mkimbizi akiuza unga, kuna ofisi zinazoandika kwamba ana ziada. Aliyewahi kuwauliza wanawake wenyewe anajua kwamba pale mgao unapotolewa kwa nafaka isiyosagwa, sehemu yake inauzwa ili kulipia mashine ya kusaga. Sehemu inanunua kuni, sehemu sabuni, sehemu daftari. Anauza chakula ili aweze kukila kinachobaki. Nchini Tanzania, ambako sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi asitoke eneo alilopangiwa bila kibali, na ambako mpango wa fedha taslimu wa Nyarugusu ulisimamishwa mwaka 2017 na soko la pamoja likafungwa, unga huo ndio uliobaki kuwa sarafu.

Na hapa ndipo nadharia ya kwamba tukipima vizuri tutahudumia vizuri inapokwama. Juni 2023 mgao katika kambi za Tanzania ulishushwa hadi nusu ya kiwango. Mwaka 2025 nchini Kenya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilitangaza kushuka hadi 28%, chini kuliko wakati wowote uliopita. Tarakimu hizi ni sahihi kabisa. Wenyewe wanaogawa ndio waliozitangaza, wakaeleza na sababu, nazo ni fedha za wafadhili. Upungufu ulipimwa, ukachorewa grafu, ukatumwa kila mahali. Kisha ukatekelezwa. Sijasikia mahakama iliyoulizwa kama 28% ya chakula cha mtu inaruhusiwa na sheria yoyote. Hakuna mlango ambao mwenye kadi angeubisha. Waliojaribu kusema kwa miguu, katika maandamano ya Kakuma mwaka huo, walikutana na polisi.

Linganisha na namna mkimbizi mwenyewe anavyohesabiwa. Zamani Kakuma watu waliingizwa kwenye boma la uzio ili wahesabiwe kwa siku moja. Mwaka 1994 na tena 1996 nyua za kuhesabia zikavunjwa, na jibu likawa kusimamisha ugawaji wa chakula kwa kambi nzima, wahusika na wasiohusika. Guglielmo Verdirame na Barbara Harrell-Bond waliyaeleza hayo katika kitabu chao cha mwaka 2005 kuhusu wakimbizi wa Kenya na Uganda, na hoja yao kwamba hiyo ilikuwa adhabu ya pamoja sijaona ikijibiwa vya kutosha. Mwaka 2013 Kakuma na Dadaab zilihamia kwenye alama za vidole, na kwa haki ya Mungu vidole vimeondoa fedheha ile ya boma. Vimeziba pia mianya ya kadi za bandia.

Uganda ilikwenda mbali zaidi mwaka 2018. Baada ya tuhuma kwamba idadi ya wakimbizi imetiwa chumvi, serikali na UNHCR waliwapanga upya watu wote kwenye foleni, wakachukua vidole na mboni za macho. Ilipofika Oktoba, idadi iliyokuwa ikisemwa ni milioni 1.4 ilikuwa imeteremka hadi kama milioni 1.1. Ukaguzi wa ndani wa Umoja wa Mataifa uliotolewa mwaka huohuo ulikuta udhaifu mkubwa katika ununuzi na katika usimamizi wa fedha za operesheni ile. Tazama tofauti ya mizani. Idadi ilidaiwa kutiwa chumvi kwenye madawati ya ofisi, na waliosimama juani kuthibitishwa, mmoja baada ya mwingine, ni zaidi ya watu milioni moja wasio na dawati. Teknolojia ya kusoma mboni ya jicho la bibi kizee ipo. Ya kumwezesha bibi huyo kusoma mkataba wa aliyeuza maharage yenye wadudu bado haijapatikana, wala sidhani kama kuna aliyeitafuta.

Mlolongo wenyewe wa kazi unaeleza kwa nini iwe hivyo. Mfadhili humpa fedha UNHCR au WFP. Wao huingia mkataba na shirika mbia. Shirika huajiri wachache kwa mshahara na wengi, ambao ni wakimbizi, kwa malipo madogo yanayoitwa motisha. Hao wa motisha ndio wanaozunguka na hojaji. Ripoti inapanda ngazi zilezile zilizoshusha fedha, na shirika linaloandika kwamba vyoo vimejengwa ndilo lililolipwa kuvijenga, na mwakani litaomba mkataba tena. Sisemi wanadanganya. Nimesoma ripoti nyingi za namna hii zenye ukweli mchungu ndani yake. Nasema mtu hawezi kuachiwa ajisahihishie mtihani, hata awe mwaminifu kiasi gani. Na aliyeulizwa maswali haletewi majibu. Mwenyekiti wa zoni anaweza kukaa miaka mitano akiwapokea wapimaji bila hata siku moja kuambiwa zoni yake ilipata alama gani.

Halafu kuna maswali yenyewe. Hojaji imeandikwa Kiingereza na inatafsiriwa palepale mlangoni. Nyarugusu wengi wa Wakongo ni Wabembe, wanaosema Kiswahili cha Kivu. Warundi wana Kirundi chao. Mpimaji naye pengine ana Kiswahili cha Dodoma. Anauliza, "Mama, mnaridhika na huduma ya afya?" Mama anajibu, "Ndiyo baba, tunashukuru." Jibu linaingia kwenye tarakilishi kama kuridhika. Kwa yeyote aliyelelewa huku, hilo lilikuwa jibu la adabu kwa mgeni aliyefika mlangoni na kitambulisho shingoni. Wahenga walishasema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na mkimbizi ana uzazi kila mwezi, siku ya mgao. Ungemuuliza badala yake mtoto alipougua mara ya mwisho alifikaje zahanati, alikaa saa ngapi, alipewa dawa au karatasi ya kwenda kununua, angesimulia mpaka chai ipoe.

Jambo baya kuliko yote katika historia ya kambi lilipita katikati ya takwimu bila kuzigusa. Mwishoni mwa mwaka 2001 watafiti wa UNHCR na Save the Children ya Uingereza walikwenda Guinea, Liberia na Sierra Leone kuzungumza na watoto wakimbizi. Watoto wakawaambia kwamba wasichana walikuwa wakitoa miili yao ili wapate biskuti, mafuta, turubai, na waliokuwa wakidai malipo hayo walikuwemo wafanyakazi wa misaada. Ripoti ilitoka mwaka 2002, na mwaka 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akatoa agizo linalopiga marufuku mambo hayo bila kisingizio. Muda wote huo tani zilikuwa zikigawiwa na tani zilikuwa zikiripotiwa. Hakukuwa na safu kwenye jedwali ya kuuliza unga umefika nyumbani kwa bei gani.

Tangu hapo kila kambi ina sanduku la maoni, ina namba ya simu ya bure, ina dawati la malalamiko. Viongozi wa ofisi hufurahia malalamiko yakiwa machache. Mimi sanduku tupu linanitia wasiwasi zaidi. Idadi ya kesi za ukatili inayopanda mwaka hadi mwaka yaweza kuwa dalili kwamba hatimaye kuna mwanamke wa kupokea kesi, chumba chenye mlango, na mtu wa kurudi na jibu. Anayelipwa kwa kupunguza kesi atajifunza upesi jinsi ya kupunguza wanaoripoti.

Mabanda na vyoo sitayakalia sana. Viwango vyake vinajulikana, na aliyelala chini ya turubai la miaka mitatu hahitaji kuhesabiwa meta za mraba. Kuna hoja moja tu ya jirani wa kambi inayostahili kutajwa. Mwanakijiji wa Kasulu au Mturkana wa Kakuma anaweza akasema, na ana haki ya kusema, kwamba yeye hapati lita 20 wala hakuna anayempima. Kalobeyei, makazi yaliyoanzishwa jirani na Kakuma ili wenyeji na wageni watumie shule na hospitali zilezile, yalikuwa jaribio la kulijibu hilo. Lakini kuna tofauti kati ya umaskini na umaskini uliofungiwa. Mwanakijiji akikosa maji anaweza kuhama, kulima bonde jingine, kwenda mjini kutafuta kibarua. Mkimbizi aliyekatazwa kutoka hana njia hiyo, na aliyemkataza amebeba dhamana ya kile alichomzuia kukitafuta.

Dhamana hiyo ndiyo inayofanya upimaji wa maisha ya kambini kuwa jambo zito kuliko takwimu za maendeleo. Tangu Septemba 2017 Warundi wamekuwa wakirejeshwa kwao kutoka kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli nchini Tanzania kwa mpango unaoitwa wa hiari, na Mtendeli ilifungwa mwaka 2021. Hiari ya mtu inapimwaje? Anaulizwa anataka kurudi, anajibu anataka, anasaini. Lakini kama mgao umekatwa, soko limefungwa na kibali cha kutoka hakipatikani, saini ile inahitaji kusomwa pamoja na jedwali la chakula la miezi sita iliyopita. Kwa hiyo mpimaji wa maji na unga, apende asipende, ni shahidi katika kesi ya hiari. Akiandika kwamba hali inaridhisha wakati hairidhishi, ameharibu ushahidi wa mtu.

Ziko njia nyingine za kupima, na zimeshajaribiwa hapahapa kwetu. Desemba 2008 wakimbizi wa Kakuma walianzisha gazeti lao, KANERE, wakaandika wenyewe kuhusu maji, zahanati, usalama na mienendo ya mashirika. Hawakuwa na ofisi wala mfadhili wa maana, na mashirika kadhaa hayakufurahi. Gazeti lenye mwandishi anayelala kwenye zoni anayoiandika huona mambo ambayo mgeni wa siku mbili haoni, na pia hukosea, kama magazeti yote yanavyokosea. Kosa la gazeti hujibiwa hadharani. Kosa la ripoti ya ndani hubaki ndani.

Njia ya pili ni mahakama. Julai 2013 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha agizo la kuwahamishia kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la Kituo cha Sheria. Februari 2017 ikabatilisha uamuzi wa kufunga Dadaab, baada ya kesi iliyofunguliwa na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu. Msingi ulikuwa ni Katiba ya 2010, na mimi hulirudia neno moja la Ibara yake ya 43: kila mtu ana haki ya afya, ya makazi, ya kutokuwa na njaa, ya maji safi ya kutosha. Kila mtu, haikusema kila raia. Kiwango cha Sphere ni ahadi ya mashirika kwa mashirika. Kikiwekwa mbele ya jaji pamoja na ibara hiyo, kinaweza kuwa deni linalodaiwa. Bado sijaona kesi inayochukua lita za zoni fulani na kuzipeleka mahakamani kama ushahidi, na siku itakapofunguliwa, kila fundi wa pampu ataisoma mita kwa macho mapya.

Mwaka 2025 ulileta hatari mpya. Marekani ilipositisha misaada yake mwezi Januari, miongoni mwa vitu vya kwanza kuzimika vilikuwa vipimo. FEWS NET, mtandao wa kutabiri njaa uliotegemewa kwa miaka 40, ulitoweka intanetini ndani ya siku chache. Juni UNHCR ikatangaza kupunguza nafasi za kazi zipatazo 3,500. Ofisi inayopungukiwa fedha huanza kukata wahesabu, kwa sababu kukatwa kwa mhesabu hakumuui mtu siku hiyo. Na wakati huohuo Kenya ikaanza kugawa misaada kwa makundi. Familia ziliwekwa kwenye mafungu manne kulingana na uhitaji, na fungu la juu, lililoonekana kujiweza, halikupata kitu. Yaani chakula cha mtu sasa kinategemea usahihi wa kipimo kuliko wakati wowote, na wapimaji ndio wanaoondoka.

Katika hali hiyo sioni wa kuijaza nafasi ya wapimaji isipokuwa wale wanaoshika foleni. Kamati za maji tayari zipo kwenye mabomba. Zina wanawake wanaojua dakika bomba lilipofunguliwa na nani aliondoka na dumu tupu. Wapewe ubao na chaki. Juu yake iandikwe lita zilizoahidiwa kwa zoni, chini yake saa bomba lilipofunguliwa leo, saa lilipofungwa, madumu yaliyobaki bila kujazwa. Pembeni libaki fungu wazi lenye kichwa "Jibu", ambamo shirika linalohusika litaandika, kwa Kiswahili na kwa Kirundi, litafanya nini na lini, pamoja na jina na cheo cha aliyeandika. Mvua ikifuta, iandikwe tena kesho.